Jinsi ya kupata mahali pa kuishi unapokimbia ukatili wa nyumbani (Tanzania Bara)

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Wengi wanaofika mezani kwangu huanza kwa kuulizia talaka, lakini tukiongea kidogo swali lenyewe hujitokeza: nikitoka, nitalala wapi na watoto? Talaka inaweza kusubiri, pa kulala hapasubiri. Kwa hiyo nimepanga hatua hizi kwa kufuata makazi, na mambo ya mahakama nimeyaacha mwishoni.

Nazungumza zaidi na wanawake kwa kuwa ndio ninaowaona kila siku. Mwanamume anayefanyiwa ukatili apite njia hizihizi, na asikubali kuchekwa pale kaunta ya polisi.

Ikiwa uko hatarini sasa hivi, acha kusoma, piga simu polisi 112.

Hatua ya 1: Linda simu kabla ya kupanga chochote

Futa historia ya kivinjari kila unapomaliza kusoma mambo haya. Kisha angalia laini unayotumia imesajiliwa kwa alama za vidole vya nani. Kama ni vya mumeo au mwenzi wako, anaweza kwenda kuirudisha kwenye simu nyingine, akapata ujumbe wako na pesa zilizomo. Sajili laini mpya kwa kitambulisho chako mwenyewe na uiache kwa mtu wako wa kuaminika. Akiba ianze kwenda huko, hata kidogo kidogo.

Hatua ya 2: Tafuta pa kulala usiku wa kwanza

Usiku wa kwanza ndio unaorudisha watu nyuma. Mtu anatoka saa nne usiku bila nauli, anazunguka mtaani na mtoto mgongoni, alfajiri anarudi kugonga mlango uleule. Chagua mahali pawili mapema: pa kwanza, na pa akiba kama pa kwanza pakishindikana. Nyumbani kwa wazazi ndiko atakakokwenda kukutafuta kabla ya kwingine kote, na mara nyingi ndiko kikao cha familia kitakakoitishwa ili urudishwe. Rafiki wa kazini ambaye mumeo hamjui anaweza kuwa salama kuliko ndugu wa damu.

Weka mfuko kwa mtu huyo. Ndani yake: kitambulisho cha taifa au namba yake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa kama kipo, kadi za kliniki na za bima, dawa unazotumia kila siku, nguo za kubadilisha. Nyaraka usizoweza kutoa ndani bila kushtukiwa, zipige picha. Picha ya hati ya nyumba, mkataba wa pango au risiti za mabati na saruji itakusaidia sana huko mbele, nitaeleza.

Hatua ya 3: Chukua RB, na PF3 kama umeumizwa

Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Eleza kilichotokea, lini, na nani alikuwepo. Hakikisha unaondoka na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Hata kama hutaki mumeo akamatwe leo, RB inaonyesha kuwa ulitoka kwa sababu ya kipigo na hukutoroka ndoa. Hoja ya kutoroka utaisikia, jiandae nayo.

Kama una majeraha, omba PF3, fomu ya polisi ya matibabu, uende nayo hospitali. Hali ikiwa mbaya, tibiwa kwanza. Kama umebakwa, fika ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina muda wake. Baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wapo sehemu moja, usirudie simulizi yako kwenye kila dirisha.

Ukiambiwa "hayo ni mambo ya ndoa, kayamalizeni nyumbani", jibu lipo kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66: hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Litaje kwa utulivu. Wakikataa, omba kumwona mkuu wa kituo.

Hatua ya 4: Omba nyumba salama kupitia ustawi wa jamii

Nyumba salama ni chache, nyingi zinaendeshwa na mashirika, na huingii kwa kugonga geti. Mahali zilipo hapatangazwi, kwa sababu zinazoeleweka. Njia ni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri au lile Dawati, ndio wanaokupeleka. Ukiwa na watoto, namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni ya bure na inaweza kukuunganisha.

Uliza mambo matatu kabla ya kukubali: nitakaa muda gani, je mwanangu wa kiume mkubwa atapokelewa, na je nitaruhusiwa kwenda kazini. Mama mwenye kijana wa miaka kumi na mitano anaweza kufika akaambiwa kijana hawezi kulala hapo. Bora ulijue hilo mapema utafute namna.

Na usiichukulie kama makazi. Ni ya muda, kwa hiyo hatua ya 5 na ya 6 zianze ukiwa bado uko humo.

Hatua ya 5: Zuia nyumba uliyoiacha isiuzwe

Hapa ndipo wanawake wengi hupoteza kisichostahili kupotea, kwa kudhani ukitoka umeacha. Kutoka kwa usalama wako hakufuti haki yako kwenye nyumba.

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinasema nyumba ya ndoa haiuzwi, haiwekwi rehani, haitolewi zawadi wala haipangishwi bila ridhaa ya mwenzi, hata kama hati ina jina moja tu. Kifungu hichohicho kinakupa nafasi ya kuweka zuio. Kwa nyumba yenye hati, nenda ofisi ya Msajili wa Hati. Kwa kiwanja kisicho na hati, andikia barua serikali ya mtaa au kijiji, kwa sababu mauziano mengi ya aina hiyo hupitia pale. Barua iwe fupi: "Nyumba hii ni ya ndoa, tuna mgogoro, siridhii iuzwe." Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Usikubali kuambiwa "nimeshakusikia, mama".

Kama hamkufunga ndoa, usikate tamaa. Kifungu cha 160 kinatambua dhana ya ndoa kwa waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawaona kama mume na mke. Na wale wanaosema "yeye hakuchangia hata tofali" walijibiwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kazi za nyumbani nazo ni mchango. Hata hivyo zile picha za risiti zitunze. Mahakamani mwenye karatasi hasumbuki sana.

Hatua ya 6: Panga chumba kwa jina lako

Kikwazo kikubwa ni kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na juu yake dalali anataka chake. Ongea na mwenye nyumba uso kwa uso, bila dalali ikiwezekana. Vyumba vya uani, ambako mwenye nyumba anaishi palepale, mara nyingi unaweza kuanza na miezi mitatu. Kama una kikundi cha vikoba, omba zamu yako isogezwe. Huna haja ya kueleza ndoa yako yote kwa mwenye nyumba, ila akijua kuna mtu hapaswi kufunguliwa geti, inasaidia.

Mkataba uandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, na sahihi zenu na za mashahidi. Ongeza sentensi hii: "Mwenye nyumba hatampa mtu mwingine ufunguo wala kumruhusu kuingia chumbani bila idhini ya mpangaji." Nimeona waume wakifika na soda na maneno matamu, wakajitambulisha kama shemeji mwema aliyekuja kumchukua mkewe, wakafunguliwa.

Ukifika mtaa mpya, jitambulishe ofisi ya serikali ya mtaa na RB yako mkononi. Mwenyekiti mwenye moyo mzuri atataka kuwapatanisha, na wema wake unaweza kumpa mumeo anwani yako. Mwambie wazi: "Mwenyekiti, leo sijaja kusuluhishwa. Naomba barua ya utambulisho, na naomba nilipo pasitajwe kwa mtu yeyote."

Hatua ya 7: Dai kodi mahakamani

Watu hudai "matumizi ya watoto" na kusahau nyumba. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa kinamtaka mume ampatie mkewe malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Unapoomba amri ya matunzo, itaje kodi kwa kiasi chake na uambatanishe mkataba wa chumba. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mashauri ya ndoa, na kwa Kiswahili.

Kabla ya talaka utapelekwa Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kikao hicho hakikulazimishi kurudi. Kama kukaa naye chumba kimoja ni hatari, sema mapema, sheria inaruhusu mahakama kuliruka baraza palipo na mazingira ya kipekee. Unaweza pia kuomba kutengana tu kwa amri ya mahakama, na shauri likiwa mahakamani unaweza kuomba azuiwe kukufuata na kukusumbua.

Kwa asiye na uwezo, msaada wa kisheria ni bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ulizia wasaidizi wa kisheria kwenye kata yako, au ofisi za TAWLA na WLAC, mashirika yanayowasaidia wanawake kisheria, kama ziko karibu. Anayekudai pesa ya kukufungulia jalada mkiwa mmesimama nje ya mahakama, mpite.

Mkishahama, mwone mwalimu mkuu wa shule ya watoto ana kwa ana. Mpe kwa maandishi majina ya wanaoruhusiwa kuwachukua, na uhamisho ukifanyika, mwombe jina la shule mpya lisitajwe kwa mtu atakayepiga simu kuulizia.