Kalamu ya wino ya maki-e: kuikagua, kuijaza na kuitunza

Maki-e maana yake ni picha ya kunyunyiza. Fundi wa Kijapani huchora kwa utomvu wa mti wa urushi, na kabla mchoro haujakauka huunyunyizia unga wa dhahabu au fedha kwa kijibomba cha mwanzi kilichozibwa mdomoni kwa hariri. Urushi hauanikwi juani. Huwa mgumu kwenye hewa yenye unyevu, kwa hiyo kalamu hukaa kabatini kwenye unyevu wa asilimia 70 hadi 85 na joto la nyuzi 20 hadi 30, tabaka baada ya tabaka, kwa miezi. Kwenye kalamu nyingi, chini ya yote kuna ebonaiti, yaani mpira mgumu ambao ukiachwa wazi hupauka kwa mwanga. Namiki, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1918 na ambayo ndiyo Pilot ya leo, ilianza kuupaka urushi katika miaka ya 1920 ili kuzuia mpauko huo. Mapambo yakafuata.

Kabla ya kulipa, chukua lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Tazama ukingo wa wingu au bawa la ndege kwenye mchoro. Picha iliyopigwa chapa huonyesha vitone vilivyojipanga sawasawa. Kazi ya mkono huonyesha chembe zisizolingana, nyingi mahali pamoja kisha zikipungua polepole hadi weusi mtupu. Usitegemee kidole peke yake: ni kweli aina iitwayo taka maki-e huinuka na utaihisi, lakini aina iitwayo togidashi husuguliwa kwa mkaa mpaka picha na usuli viwe sawa, laini kama kioo, na bado ni kazi ya hali ya juu. Tazama pia sahihi ya msanii. Kwenye kalamu nyingi za Namiki huandamana na jina la Kokkokai, kundi la mafundi lililoundwa mwaka 1931 chini ya Gonroku Matsuda. Picha ya chapa si uovu ikiuzwa kwa jina lake. Uovu ni kuilipia bei ya mkono.

Mti wa urushi ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Aliyewahi kubabuka kwa mafuta ya ganda la korosho ataelewa kwa nini mafundi wa urushi huwashwa. Urushi uliokomaa haudhuru. Kalamu mpya ikiwa bado ina harufu ya uchachu na ngozi yako ni nyepesi kudhurika, iache kwenye sanduku lililo wazi, kivulini, mpaka harufu iishe.

Sasa wino. Kalamu kubwa kama Emperor ya Namiki haina katriji. Pipa lenyewe ndilo tangi, na ufito wa ndani unaoendeshwa na kizibo cha mkiani hufunga njia ya wino. Fungua sehemu yenye nibu, usimamishe pipa wima, na utie wino kwa bomba la sindano lenye ncha butu, uishie milimita 5 chini ya hesi. Futa hesi. Legeza kizibo cha mkiani kidogo ili hewa ipate pa kutokea, kisha rudisha nibu ikiwa inatazama juu. Ukimaliza, kaza kizibo.

Unapotaka kuandika, legeza kizibo milimita 2 au 3. Ukisahau, kalamu itaandika mistari michache kisha ikauke, na wengi hudhani nibu imeharibika. Ukiacha wazi siku nzima, tatizo ni kinyume chake: joto la kiganja hupanua hewa iliyo ndani, nayo husukuma wino hadi unadondoka kwenye karatasi. Hatari huongezeka kadiri wino unavyopungua kwa sababu hewa ni nyingi, kwa hiyo jaza upya wino unapobaki theluthi moja. Tumia wino mwepesi wa maji. Wenye chembe za kumetameta huziba ulimi ulio chini ya nibu.

Kuosha ni kwa maji ya kawaida, kamwe si ya moto: maji ya moto hupindisha ulimi na kugeuza ebonaiti iliyo wazi kuwa ya kahawia. Tumbukiza nibu tu, usiloweke pipa.

Urushi uliokomaa hustahimili asidi na pombe kuliko watu wanavyodhani. Adui wake ni jua. Kalamu iliyowekwa dirishani itafifia, na hakuna king'arisho kitakachorudisha mng'ao. King'arisho chenyewe hula unga wa dhahabu. Futa kwa kitambaa laini cha pamba, pumzi yako ndiyo maji yatoshayo. Usichomeke kifuniko mkiani unapoandika, maana kitakwangua duara juu ya picha. Hifadhi bila wino, ndani ya sanduku lake la mbao nyepesi za mti wa kiri, na usiweke vifuko vya kukaushia hewa.

Kipande cha kombe kilichopachikwa kwenye picha kikibanduka, usitie gundi ya dukani wala vanishi. Kifunge kwenye karatasi, kisafiri pamoja na kalamu kwenda kwa fundi wa urushi, kwani gundi ikishaingia italazimu ikwanguliwe kwanza, na itang'oka pamoja na picha ya jirani.