Ritani ya Kodi ya Mapato: Linganisha Hesabu Kabla ya Kufungua Fomu

Kwa mtu mwenye mshahara na kazi ndogo ya pembeni, kujaza ritani yenyewe, yaani fomu ya kutangaza mapato na kodi yako ya mwaka, ni shughuli ya saa moja au mbili. Usiku wa mwisho huliwa na mengine: hati ya mwajiri wa zamani haijulikani ilipo, neno la siri limesahaulika, na jumla ya benki inakataa kukubaliana na ya daftari. Hayo yote yanaweza kumalizwa mwezi mmoja au miwili kabla, kwa utulivu, hata bila kuingia kwenye mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya mapato.

Elewa kwanza kwamba mamlaka ya mapato huwa imeshapata sehemu kubwa ya takwimu zako kabla hujaandika chochote. Mwajiri ameshapeleka mshahara na makato. Benki, katika nchi nyingi, imeshapeleka riba. Mteja aliyekukata kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kwenye malipo kabla hujayapokea, ameshaiandikisha kwa namba yako ya mlipakodi. Ukiwasilisha, mfumo unalinganisha, na pasipolingana ndipo barua za maswali zinapoanzia. Basi kazi kubwa ya maandalizi ni kulinganisha wewe mwenyewe kwanza.

Tarehe ya kuwasilisha na tarehe ya kulipa

Anza na kalenda. Andika mwaka wa kodi unaanza na kuisha lini, ritani inatakiwa lini, na kodi iliyobaki inatakiwa kulipwa lini. Wengi huandika tarehe ya ritani peke yake. Nchini Kenya, mwaka wa kodi wa mtu binafsi ni Januari hadi Desemba na mwisho wa ritani ni Juni 30, lakini salio la kodi linatakiwa liwe limelipwa kufikia Aprili 30. Mwenye salio anayengoja Juni afanye yote kwa pamoja hukuta riba imeshaanza kuhesabiwa. Uingereza, mwaka wa kodi unaanza Aprili 6 na kuisha Aprili 5 ya mwaka unaofuata, kwa hiyo taarifa ya benki ya Januari hadi Desemba haifai kama ilivyo. Ritani ya mtandaoni inatakiwa kufikia Januari 31. Marekani kwa kawaida ni Aprili 15. Huko ukiomba muda zaidi unasogezewa hadi Oktoba 15, ila muda huo ni wa kuwasilisha tu. Kodi yenyewe bado inadaiwa Aprili.

Halafu jiwekee tarehe yako binafsi, wiki tatu kabla ya ile ya serikali. Wiki tatu zinatosha kumwandikia mwajiri wa zamani, kungoja jibu, kumkumbusha, na kupata hati iliyosahihishwa. Wiki moja inaweza kuisha ukiwa bado unangoja jibu la kwanza.

Folda moja ya mwaka mzima

Fungua folda moja kwa kila mwaka wa kodi, kwenye kompyuta au simu, na nakala yake uihifadhi mahali pengine. Faili zipe majina yanayoanza na mwaka, mwezi, siku, kisha kitu na kiasi: 2025-03-14 bima 18500. Kwa mpangilio huo zinajipanga zenyewe kwa tarehe, na ukiulizwa kuhusu malipo fulani unayaona bila kufungua faili hata moja.

Risiti zina tatizo lake. Nyingi huchapwa kwenye karatasi inayoandikwa kwa joto, na karatasi hiyo hupauka ikikaa juani, kwenye gari au mfukoni. Miezi kadhaa baadaye umeshika karatasi nyeupe ambayo haithibitishi chochote. Ipige picha siku hiyohiyo, uhakikishe vinasomeka jina la muuzaji, tarehe, kilichonunuliwa na kiasi, pamoja na namba ya mlipakodi ya muuzaji pale sheria inapoitaka. Karatasi yenyewe iweke kwenye bahasha, mbali na jua.

Mwaka ukiisha, folda iwe na hati ya mwaka ya mshahara na kodi iliyokatwa (Kenya ni P9, Uingereza P60, Marekani W-2) kutoka kwa kila mwajiri uliyemfanyia kazi mwaka huo, hata kama ni mwezi mmoja. Ziwemo hati za kodi ya zuio, taarifa za riba na gawio la hisa, kumbukumbu za pango unalopokea, na uthibitisho wa bima, pensheni au mkopo wa nyumba unaodai unafuu kwa ajili yake. Chukua pia ritani ya mwaka uliopita. Hiyo itakukumbusha chanzo cha mapato ulichokisahau, na itakuonyesha kama kuna hasara au kodi ya ziada inayopaswa kuhamia mwaka huu.

Hesabu za kulinganisha

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Tuchukue viwango vya kubuni ili hesabu ionekane: 300,000 za kwanza hazitozwi, zinazobaki zinatozwa asilimia 20.

Hati ya mwajiri inaonyesha mshahara ghafi (kabla ya makato yoyote) 1,200,000, mchango wa pensheni 60,000 unaoondolewa kabla ya kodi, na kodi iliyokatwa 168,000. Benki imepokea 972,000. Jumlisha 972,000, 60,000 na 168,000. Ikifika 1,200,000, hati na benki zinakubaliana. Kosa linalotokea hapa ni mtu kufungua taarifa ya benki na kuandika 972,000 kama mapato yake, kisha kudai kodi iliyokatwa ya 168,000. Mfumo unakokotoa kodi ya 134,400 na kumwonyesha kwamba anarudishiwa 33,600. Anafurahi. Baadaye takwimu za mwajiri zinasema 1,200,000, pesa inadaiwa irudi, na faini inaweza kuja nayo. Kila unapoona marejesho usiyoyatarajia, rudi kwanza kwenye mstari wa mshahara ghafi.

Mfano wa pili ni wa mwenye kazi mbili kwa wakati mmoja. Kila mwajiri anamlipa 500,000, na kila mmoja anamhesabia kana kwamba hana kazi nyingine: anaondoa 300,000 zisizotozwa na kukata asilimia 20 ya 200,000, yaani 40,000. Jumla amekatwa 80,000. Lakini sheria humpa zile 300,000 mara moja tu. Mapato yake ni 1,000,000, yanayotozwa ni 700,000, kodi ni 140,000. Anadaiwa 60,000, ingawa hakuna mwajiri aliyemdanganya wala yeye hakuficha kitu. Aliyelinganisha mapema ana miezi ya kuzitafuta. Tena nchi nyingi zina utaratibu wa kumwambia mwajiri wa pili asikupe nafuu hiyo. Utumie mara tu unapoanza kazi ya pili.

Kodi ya zuio nayo huchanganya. Ankara yako ni ya 100,000, mteja anakata asilimia 5 na kukulipa 95,000. Mapato unayoandika ni 100,000, na zile 5,000 unazidai kama kodi iliyokwisha kulipwa. Ukiandika 95,000 na bado ukadai 5,000, umepunguza mapato. Ukiandika 100,000 ukasahau 5,000, umelipa mara mbili. Usipopata hati ya zile 5,000, mfuate mteja sasa, kwa maandishi, ukitaja namba ya ankara na tarehe ya malipo. Huenda alikata lakini hakupeleka, au alipeleka kwa namba ya mlipakodi isiyo yako.

Ukikuta hati ya mwajiri ina kosa, usilirekebishe peke yako ndani ya ritani ukaendelea. Jumlisha hati za mshahara za miezi kumi na miwili, uone mwezi unaotofautiana (mara nyingi ni mwezi wa bonasi, wa nyongeza au wa kuacha kazi), kisha mwombe mwajiri atume takwimu sahihi kwa mamlaka na akupe hati mpya. Vinginevyo zitabaki takwimu mbili zinazogombana.

Kwa matumizi ya biashara, dai kile unachoweza kukionyesha. Simu unayoitumia kwa kazi na nyumbani haiingii yote. Weka sehemu ya kazi na uandike ulivyoipata. Kifaa cha kudumu kama kompyuta, katika nchi nyingi, hakiondolewi chote kwenye mapato ya mwaka mmoja kama vocha au mafuta. Hugawanywa kwa miaka kwa kiwango cha sheria, isipokuwa sheria iruhusu kukiondoa mara moja.

Kuingia kwenye mfumo

Ingia kwenye akaunti yako mwezi mmoja kabla, hata kama huna cha kujaza siku hiyo. Hakikisha neno la siri linafanya kazi na kwamba simu na barua pepe zilizosajiliwa bado ni zako. Namba ya uthibitisho ikienda kwenye laini uliyoiacha miaka miwili iliyopita, kuibadilisha huenda kukahitaji kitambulisho, maombi na kungoja, na siku za mwisho foleni hiyo ndiyo ndefu kuliko zote. Angalia pia akaunti ya benki ya kupokelea marejesho, tarakimu kwa tarakimu.

Siku ya kujaza, hamisha takwimu kutoka kwenye karatasi yako ya ulinganishaji tu. Hifadhi kila ukurasa, kwa sababu mifumo mingi hukutoa ukikaa bila kugusa kitu. Kabla ya kubonyeza kuwasilisha, soma mwaka wa kodi uliouchagua. Mwaka ukikosewa, hata hesabu sahihi haikusaidii. Kwenye malipo ni vivyo hivyo: pesa iliyolipwa kwa mwaka mwingine au aina nyingine ya kodi inakaa huko, na deni lako linaendelea kukua.

Ukiwa huna pesa ya kulipa, wasilisha hata hivyo. Marekani, adhabu ya kutowasilisha ni asilimia 5 ya kodi inayodaiwa kwa kila mwezi, na ya kutolipa ni asilimia 0.5, tofauti ni mara kumi. Uingereza, kuchelewesha ritani kunaanza na pauni 100 hata kama hudaiwi kodi yoyote. Wasilisha kwa wakati, lipa ulichonacho, na omba mpango wa kulipa kwa awamu kabla tarehe ya malipo haijapita.

Baada ya kuwasilisha, pakua ritani iliyokamilika, stakabadhi ya kupokelewa na uthibitisho wa malipo, uviweke kwenye folda ileile. Bila stakabadhi hiyo, huna hakika kama ulichotuma ni ritani au rasimu iliyohifadhiwa. Ukigundua kosa baadaye, tuma ritani ya marekebisho mwenyewe kabla hujaulizwa; katika sehemu nyingi anayejisahihisha hutozwa kidogo kuliko anayekamatwa. Folda usiifute. Kenya sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, Kanada miaka 6, na miaka hiyo huhesabiwa baada ya mwaka wa kodi wenyewe kuisha.