SOMO: Mwanza mpaka Lushoto, uwe na hela ndogo au kubwa

Wakuu habari za saa hizi. Kila likizo ikikaribia napata meseji zilezile, Lushoto unafikaje toka Mwanza, inatosha shingapi, watoto watastahimili baridi? Nshajibu mpaka nimechoka kwahiyo leo naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hapa.

Kwa asiyejua, Lushoto ni mji mdogo juu kwenye milima ya Usambara Magharibi, mkoa wa Tanga, mita kama 1,400 toka usawa wa bahari. Mjerumani alipaita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wake. Mimi nimeenda mara tatu na nikipata nafasi naenda tena kesho.

Hatua ya 1: Chagua mwezi. Machi mpaka Mei ni masika, usiende.

Hatua ya 2: Jaketi. Pita soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza kwenye mitumba kabla ya safari, Juni na Julai usiku kule sio mchezo.

Hatua ya 3: Kata tiketi ya Arusha au Moshi pale stendi ya Nyegezi mapema, basi la alfajiri, linalopita Shinyanga, Nzega, Singida na Babati. Lala hukohuko Arusha au Moshi. Asubuhi panda basi lolote la Tanga au Dar, mwambie konda unashuka Mombo, na mkumbushe mkishapita Same.

Hatua ya 4: MOMBO. Hapa someni taratibu. Mombo iko chini barabara kuu, joto kali, na ndo unapoacha basi kubwa ukapanda kosta au noah ya kwenda juu, kilometa 33 za kona kupitia Soni. Mara ya kwanza nilijifanya naunganisha moja kwa moja ili nisilipe gesti Arusha, nilikuwa na mke wangu na mtoto wa miaka mitatu, basi likatuharibikia Singida tukakaa masaa na masaa, basi jingine tulilopata Arusha likatushusha Mombo saa saba usiku. Kosta hakuna. Akaja kijana na noah akasema anapanda sasa hivi, nikakubali kwa sababu mtoto alikuwa analia. Tukapandishwa watu kumi na moja. Huko juu ukungu umeshuka huoni hata mita tano, upande mmoja ukuta wa mwamba upande mwingine korongo, mawe yamedondoka barabarani, na kwenye kona moja tukakutana na fuso la kabichi linashuka na kabichi za kuwahi soko la Dar. Dereva alikanyaga breki tukasimama matairi yako ukingoni kabisa. Mke wangu alishuka na mtoto akakataa kupanda tena, tukatembea kwa tochi ya simu mpaka Soni tukagonga gesti. Ile hela ya gesti niliyoibania Arusha ilikuwa ndogo kuliko hata nauli ya ile noah.

Kwahiyo: ufike Mombo kabla ya saa tisa mchana. Ukichelewa lala Mombo, gesti zipo, omba chandarua. Usipande gari iliyojaza. Mwenye kutapika kwenye kona akae mbele na asile chipsi mayai stendi.

Sasa mifuko, yaani bajeti. Bei zinabadilika, naandika nilichotoka nacho mimi kwa siku sita na safari ndani yake.

Mfuko mdogo, laki tatu na nusu kwa mtu mmoja. Gesti za karibu na stendi, msosi wa mama ntilie (maharage ya kule na mboga mbichi ni tamu hatari), na kutembea kwa mguu. Irente unaenda kwa miguu toka mjini saa moja na nusu hivi, unasimama ukingoni mwa mwamba unaona nyika yote chini na Mombo imekuwa kama vibiriti. Kwa kweli hapo nililia.

Mfuko wa kati, laki saba. Chumba chenye maji ya moto, na muongozaji. Waongozaji wenye ofisi wapo karibu na stendi, chukua hao, usimchukue anayekufuata tu njiani. Anakupeleka msitu wa Magamba (kuna kiingilio), unaona vinyonga wenye pembe. Kurudi pitia shamba la Irente ule mkate, jibini na jamu wanavyotengeneza wenyewe.

Mfuko mkubwa: ndege mpaka Dar, gari ya kukodi na dereva anayeijua milima, lodge za juu. Hapo hunihitaji sana, ila sheria ya Mombo ni ileile, gari lako halioni kwenye ukungu zaidi ya kosta.

MASWALI

Mdau wa Igoma: Mkuu kwahiyo jumla shingapi?

Jibu: Mifuko mitatu nimeandika. Soma.

Mdau wa Kirumba: Nikifika Mombo saa nne usiku si naunganisha tu, wewe ulikuwa na bahati mbaya.

Jibu: Hapana. Bahati mbaya ingekuwa tumedondoka. Rudia hatua ya 4.

Mwalimu, Sengerema: Samahani kaka, mama yangu ana presha, huo urefu wa mlima hautamsumbua? Na vijijini zaidi kuna nini?

Jibu: Shikamoo yangu kwa mama. Ziwa letu lenyewe liko mita 1,134 hivi, kwahiyo mnapanda kidogo tu kuliko mlivyozoea, ila kwa presha muulizeni daktari wake kwanza, na asitembezwe vilima, Irente mpelekeni na bodaboda ya taratibu au taksi. Vijijini nenda Mtae, mwisho kabisa wa milima, unaona mpaka nyika ya Mkomazi. Magari ya kurudi yanatoka huko alfajiri sana kwahiyo lazima ulale. Na ukipenda historia uliza Vugha, ndo yalikuwa makao ya Kimweri mtawala wa Wasambaa. Ukienda niambie dada, nitakuandikia zaidi.

Mdau wa Nyakato: Si bora kupita Serengeti kwenda Arusha, karibu zaidi.

Jibu: Basi lipo, ila unakatiza Serengeti na Ngorongoro, viingilio vya hifadhi utalipa. Kwa mfuko mdogo pita Singida.

Mdau wa Buhongwa: Amani nayo naweza kwenda kwa bodaboda toka Lushoto?

Jibu: Amani ni Usambara Mashariki, milima mingine, bonde la Lwengera liko katikati. Unashuka mpaka Muheza ndo unapanda upya. Ipe safari yake.

Mama wa Nyegezi: Mimi nilirudi na plamsi ndoo nzima, zikaharibika njiani.

Jibu: Pole mama. Chagua ngumu zenye kijani kidogo, panga kwenye boksi la karatasi sio ndoo, weka magazeti katikati, na ushike miguuni usiweke kwenye buti.

Mdau wa Igoma: Plamsi ni mwezi wa ngapi?

Jibu: Desemba mpaka Februari hivi. Hilo swali zuri.