Kadre ya kukunja ya mukubwa mwenye anajifunza kuteleza ku barafu, namna minaitengeneza

Yaya yangu anaishi Ottawa, iko na miaka 47, na kule baridi ikikamata muzuri mufereji wa Rideau unagandaka, bantu banavaa patini banateleza kilometa 7.8 mu kati ya mji. Na yeye akataka kujifunza. Shida ni kwamba bile bintu bya kushikilia byenye alikuta ku uwanja wa patini ni bya batoto, bifupi, mukubwa anainama mpaka mugongo unauma, na ukiinama uzito wote unakimbilia ku vidole vya miguu, njo unaanguka. Mimi niko ajusteri, fundi wa vyuma, hapa Lubumbashi, mu Katuba. Nikamuambia nitakutengenezea kadre yako ya kushikilia, ya kukunja, juu lazima iingie mu valizi: kampuni mingi za ndege zinakubali kilo 23 na ukijumlisha urefu, upana na kimo isipite sentimeta 158. Hizo namba mbili njo zilipanga kila kitu.

Anza na kipimo cha muntu, usianze na tiyo, ni kusema bomba. Avae patini zake, asimame wima, mikono ianguke yenyewe, upime toka chini mpaka ku kifundo cha mukono. Hapo njo mahali pa kushika, kiwiko kitakunjika kidogo tu na mugongo utabaki sawa. Kwa yaya ilikuwa sentimeta 88. Apime na patini mu miguu, tafazali, bila patini utakosa sentimeta kadhaa na kazi yote itakuwa ya bure.

Umbo ni kama herufi U, muntu anasimama ndani, nyuma wazi. Kipande cha mbele sentimeta 62, vya pembeni 62 kila moja. Pembeni mbili tu njo zinagusa barafu, ya mbele inaning'inia sentimeta 2 juu. Na bomba ya mbele naishusha mpaka 60, makusudi, mukono usiifikie, juu muntu akiogopa anashika chenye kiko karibu, na mie nataka ashike pembeni, uzito ushuke moja kwa moja ku miguu ya kadre. Kunjo isibebe uzito wa muntu hata siku moja. Ukishika hii, ingine yote ni kazi ya mikono.

Tiyo ni aluminiamu ya milimita 28, unene 1.5, na ya 25 inaingia ndani yake kama fimbo za mulemavu, hivi 88 inashuka mpaka 72. Ya 25 inabana, usugue na msasa mpaka iteleze bila kucheza. Aluminiamu iko karibu theluthi ya uzito wa chuma, kadre nzima ilinitokea kilo 5 na kidogo. Usiisude, ni kusema usiiunganishe na moto, na baguette ya kawaida ya chuma, utaitoboa tu, funga na bulo za inox na ekru za breki, zile ziko na plastiki ndani.

Sasa pomeli, ni kusema bawaba, hapa njo usikilize muzuri. Zisimame wima kama za mulango, mbili ku kila kona. Mara ya kwanza niliweka zote sawasawa: pembeni ya kushoto ikajikunja muzuri ikalala juu ya ile ya mbele, nikavuta ya kulia, ikagonga ya kushoto ikabaki imefunguka kama kinywa. Nilikaa pale ninaifungua na kuifunga pengine mara kumi ndiyo nikaona. Ya pili lazima ikae mbali zaidi, kwa unene wa ile yenye imeshalala. Nikaweka kipande cha plastiki cha milimita 35 chini ya pomeli za kulia, na ikafunga. Ikikunjwa sasa ni 62 kwa 72 kwa 14, jumla 148.

Kufungia kona, weka kabomba kadogo ka sentimeta 15 kenye kanakata kona, na pini. Pini iwe na pete kubwa, muntu amevaa glavu, vidole haviwezi kitu kidogo, na uifunge na kamba, pini ikianguka ku barafu mwingine atapita juu yake na patini.

Ya kuteleza nakata ku planshi nyeupe ya plastiki ya kukatia nyama, milimita 20, ile ni polietileni, haipasuki mu baridi, PVC yenyewe inapasuka. Ncha za mbele uzipindishe juu kama mutumbwi, vichwa vya visi vizame ndani visikwaruze barafu. Nyuma kabisa, gundisha mpira wa ndani wa tairi lakini ukae milimita 5 juu: muntu akiegemea nyuma unagusa, kadre inapunguza mbio, haimukimbii. Haisimami kabisa, umuambie.

Kuijaribu bila barafu: tulimwaga maji ya sabuni ku karo, shemeji mwenye kilo 85 akavaa soksi, bantu babili pembeni ya kumukamata. Mbele ya kuijaribu, ning'iniza ekru na uzi toka mahali pa mukono, iangalie chini inaanguka wapi. Iwe nyuma ya ncha ya mbele kwa sentimeta 25 ao zaidi, kama sivyo itapinduka mbele.

Kimoja sikukiona huku, yaya njo alikiona. Siku ya tatu akanipigia, pini imekwama, maji yaliingia mu tiyo yakaganda. Toboa katundu ka milimita 5 chini ya kila muguu, maji yatoke, na apanguse kadre na kitambaa mbele ya kuikunja. Toka hapo pini zinatoka.