Somo: Kuifuata Ahadi ya Kaunti ya Nairobi Kuhusu Tabianchi Hadi Ndani ya Bajeti

Kaunti ya Jiji la Nairobi ina mpango wa utekelezaji kuhusu tabianchi wa mwaka 2020 hadi 2050, na lengo lake ni kwamba mwisho wa kipindi hicho jiji lisiwe likitoa gesi joto nyingi kuliko zinazoondolewa hewani. Mpango huo unafaa kusomwa, lakini mpango haununui lori wala haujengi njia ya waendao kwa miguu. Kazi hiyo hufanywa na bajeti, na bajeti ina tarehe zake zilizowekwa na sheria. Somo hili linaeleza jinsi kikundi cha wakazi kinavyoweza kuchukua ahadi moja na kuifuata mpaka itengewe fedha. Nasema ahadi moja kwa makusudi, kwa sababu waraka wenye madai ishirini humpa karani sababu ya kutojibu hata moja.

Hatua ya kwanza: chagua jambo lililo mikononi mwa kaunti

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti uzoaji na utupaji wa taka, udhibiti wa uchafuzi wa hewa, barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na uchukuzi wa umma wa barabarani. Barabara ya Thika si ya kaunti, na ukaguzi wa magari mabovu ni kazi ya mamlaka ya kitaifa, kwa hiyo ukipeleka malalamiko hayo City Hall, makao ya serikali ya kaunti, utarudishwa ulikotoka, na kwa haki. Umeme nao, ukiacha taa za barabarani, si pa kuanzia: takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, vyanzo visivyotoa gesi joto nyingi. Kaunti ina mamlaka makubwa, na gesi nazo ni nyingi, katika mambo mawili: taka na usafiri.

Nitatumia taka kama mfano. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni za kuoza. Zikirundikwa Dandora, katika jaa lililofunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, huoza bila hewa na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 20 hunasa joto takriban mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Nenda Marikiti, soko kubwa la mboga na matunda jijini, alfajiri, malori yanaposhusha kabichi. Wapakuzi hubambua majani ya nje papo hapo na kuyatupa chini, kando yake kuna mikungu mitupu ya ndizi na maganda ya mahindi, na kufikia saa tatu rundo zima limekwisha kukanyagwa pamoja na karatasi za nailoni na magunia yaliyochanika. Rundo hilo likizolewa kabla ya kuchanganyika ni mboji; likizolewa baadaye, mahali pake ni Dandora tu.

Hatua ya pili: kusanya nyaraka

Unahitaji tatu: mpango wa tabianchi, Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti wa 2023 hadi 2027, na bajeti iliyoidhinishwa ya mwaka unaoendelea. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inaitaka kaunti iingize hatua za tabianchi katika mpango wake wa maendeleo, kwa hiyo tafuta ahadi yako katika nyaraka zote tatu na uandike kurasa zake. Ikiwa imo katika mbili za kwanza lakini haimo katika ya tatu, umepata hoja yako.

Hatua ya tatu: ijue kalenda kabla ya kuandika chochote

Hapa ndipo vikundi vingi hupoteza nguvu zao. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na watu husubiri mikutano ya umma ya Aprili na Mei, ambayo hutangazwa sana, wakidhani kwamba huko ndiko fedha zinakogawanywa. Kwa kweli mgawanyo mkubwa huwa umekwisha kufanyika. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, ambao ndio unaoweka kiwango cha juu cha kila idara, hufika bungeni kufikia tarehe 28 Februari, na bunge lina siku 14 za kuujadili. Makadirio ya bajeti hufuata kufikia tarehe 30 Aprili, kisha huidhinishwa kabla ya tarehe 30 Juni.

Maana yake ni kwamba mradi mpya unapaswa kupendekezwa Julai na Agosti, mpango wa mwaka unapoandaliwa, na ombi la kuiongezea idara ya mazingira fedha lifike Januari au mapema Februari. Aprili na Mei bado zina manufaa, lakini kwa jambo dogo zaidi: sheria hiyo hiyo inasema kwamba bunge likiongeza fedha mahali pamoja ni lazima lipunguze mahali pengine. Ukifika Mei, basi, usiseme tu kwamba unataka kituo cha kutenganisha taka. Taja pia kifungu unachodhani kipunguzwe. Ni kazi ngumu na huleta maadui, lakini mwakilishi wa wadi hawezi kuikwepa kwa kukujibu kwamba fedha hazipo.

Hatua ya nne: andika waraka mfupi

Kurasa mbili zatosha. Aya ya kwanza iseme nyinyi ni nani na mnatoka wadi gani kati ya wadi 85 za Nairobi. Aya ya pili inukuu ahadi pamoja na ukurasa wake. Aya ya tatu ndiyo ombi, nalo liandikwe hivi: “Tunaomba kwamba katika programu ya usimamizi wa taka itengwe sehemu ya kupokelea taka za kuoza katika soko letu, zizolewe kila siku kabla ya saa tatu asubuhi kwa gari lisilobeba taka nyingine, na idadi ya tani zinazopelekwa kutengenezwa mboji iwe kipimo katika ripoti ya kila robo mwaka.” Sentensi hiyo ina mahali, saa, gari na kipimo. Ilinganishe na “tunaomba kaunti iboreshe usafi wa mazingira,” ombi ambalo kaunti yoyote inaweza kudai imelitimiza kwa kufagia barabara moja.

Msisahau Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, ambayo inataka taka zitenganishwe kuwa za kuoza na zisizooza. Mkiitaja, ombi lenu halitaonekana kuwa hisani mnayoomba.

Hatua ya tano: peleka, gongesha muhuri, fuatilia

Peleka nakala kwa karani wa bunge la kaunti, kwa idara inayohusika na kwa mwakilishi wenu wa wadi, kisha nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Maswali ya wanachama

Mwanachama kutoka Kayole: Mwalimu, mikutano hiyo huitwa siku ya kazi saa nne asubuhi. Sisi wa vibarua tutafikaje?

Maoni ya maandishi nayo ni sehemu ya ushirikishwaji wa umma, kwa hiyo kikundi kinaweza kumtuma mtu mmoja na waraka wenye sahihi za wote. Zaidi ya hayo, andikeni mapema kwa msimamizi wa wadi mkiomba kikao cha Jumamosi, na barua hiyo muiambatishe kwenye waraka wenu. Wakikataa, kukataa kwao kutakuwa kwenye kumbukumbu.

Mwanachama kutoka Kasarani: Plotini kwetu tunatenganisha taka kwa mifuko miwili, lakini mzoaji akifika anaitupa yote katika lori moja. Tunajisumbua bure?

Kwa sasa ndiyo, dada, kwa upande wa gesi hamjapunguza chochote. Msiache kutenganisha, ila geuzeni mkataba. Wazoaji wa kibinafsi hulipwa na nyinyi wenyewe, kwa hiyo nyumba zote za ploti zikikubaliana kwamba taka za kuoza zichukuliwe siku yake peke yake, mzoaji ataona faida ya kupanga upya safari zake. Ulizeni pia anazipeleka wapi, na mtake jibu la maandishi. Asipokuwa na mahali pa kuzipeleka isipokuwa jaani, hapo ndipo ombi la kituo katika bajeti linapopata uzito.

Mwanachama kutoka Dandora: Na waokotaji taka? Taka zikitenganishwa huko mitaani, wao watakula nini?

Swali hili, mzee wangu, lingepaswa kuwa ndani ya somo lenyewe. Plastiki na chuma vikizuiwa mtaani bila mpango, kipato cha watu wa jaani kitakatika. Ombi la kituo cha kutenganisha taka liseme waziwazi kwamba vikundi vya waokotaji vilivyosajiliwa vipewe nafasi ya kwanza kukiendesha, na wakae nanyi mezani mnapoliandika.

Mwanachama kutoka Lang’ata: Mbona hukutaja upandaji miti?

Kwa sababu miti ina watetezi wa kutosha. Lengo la kitaifa ni miti bilioni 15 kufikia 2032, na kila kiongozi hupenda kupigwa picha akiwa na mche. Miti hutupa kivuli na hupunguza kasi ya maji ya mvua, jambo ambalo waliokumbwa na mafuriko ya 2024 Mathare hawahitaji kuelezwa, lakini haiwezi kufuta methani ya jaa wala moshi wa barabarani.

Mwanachama kutoka Embakasi: Kwa nini tusiende mahakamani moja kwa moja?

Mnaweza. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu kushtaki kuhusu mazingira bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara. Lakini kumbukeni kwamba mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa la Dandora lihamishwe, na malori yakaendelea kumwaga taka pale pale. Amri isiyo na fedha katika bajeti huwarudisha kwenye hatua ya tatu.

Mwanachama kutoka Umoja: Tuliambiwa fedha za njia za waendao kwa miguu zimetumika, lakini hatuzioni hizo njia. Tuulize nini?

Sera ya kaunti ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini ilitaka asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa waendao kwa miguu na waendesha baiskeli. Tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: andikeni kwa Kiswahili, kwani sheria inaruhusu, mkiomba orodha ya barabara za kaunti zilizojengwa mwaka wa fedha uliopita na kiasi kilichotumika kwa njia hizo katika kila barabara. Ombi halilipiwi, ingawa mnaweza kutozwa gharama ya nakala. Jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21, na likikosekana, pelekeni rufaa kwa Tume ya Utawala wa Haki ndani ya siku 30.