Kwenda Putuoshan kutoka Yiwu: hangaikia boti kwanza

Wenzetu wanaokuja Yiwu, mji wa biashara wa China, kufuata mzigo huniuliza namna ya kufika Putuoshan, kisiwa kitakatifu cha Guanyin, bodhisattva wa huruma wa Wabudha, wakati kontena halijajaa. Njia ni hii.

Hatua ya 1. Treni hadi Ningbo, kisha basi la Zhujiajian, kisiwa jirani chenye gati ya boti. Tangu 2009 madaraja yameunganisha Zhujiajian na bara, kwa hiyo msikubali teksi za kuvizia abiria stesheni.

Hatua ya 2: boti. Putuoshan yenyewe haina daraja. Kuvuka hakufiki nusu saa. Kazi ni kupanda. Tiketi hutolewa kwa jina na namba ya pasipoti, basi beba pasipoti yenyewe, siyo picha kwenye simu. Mashine za kujihudumia zimetengenezewa vitambulisho vya Wachina, nenda dirishani. Kadi ya benki iunganishe na Alipay, programu ya malipo ya simu, ukiwa bado Yiwu, maana ikigoma pale gatini foleni haitakusubiri. Nauli ya boti ni mbali, ada ya kuingia kisiwani ni mbali.

Kisha kuna hali ya hewa. Kati ya Machi na Mei ukungu ukitanda boti husimama. Julai hadi Septemba ni vimbunga. Usiende siku moja kabla ya ndege yako! Hekaya ya kisiwa inasema mtawa wa Kijapani, Egaku, karne ya 9, alikwama hapo na sanamu ya Guanyin aliyokuwa akiipeleka kwao, akaamini haitaki kuondoka. Wewe utakwama na begi la sampuli.

Tarehe 19 za mwezi wa 2, wa 6 na wa 9 wa kalenda ya Kichina ni siku kuu za Guanyin. Hujaji azifuate, mtalii azikimbie.

Hatua ya 3. Lala kisiwani, hata kama ni ghali. Uliza kwanza kama hoteli inapokea wageni wa nje.

Hatua ya 4. Mahekalu makuu ni matatu: anza Puji, kisha Fayu, halafu ngazi zaidi ya elfu moja hadi Huiji. Panda kwa miguu, shuka kwa gari la kebo. Wanaosujudu kila hatua tatu wapishe. Ruka kizingiti, usikikanyage. Vijiti vya udi ni vitatu, vinatosha. Asiyetaka kuwasha halazimishwi. Ndani usipige picha.

Chakula cha hekaluni hakina nyama wala samaki. Mpenda samaki avumilie hadi Shenjiamen, bandari ya wavuvi ng'ambo.