Tamponi ya kwanza: usiisikie, lakini usiisahau

Kila Jumamosi asubuhi nafundisha wasichana kuogelea hapa Entebbe, na karibu kila Jumamosi kuna mmoja anayebaki kwenye benchi na jinzi yake, taulo mapajani, akisema tumbo linamuuma. Simuulizi mara mbili. Najua yuko mwezini, na najua pedi haifai majini: inanyonya maji ya bwawa mpaka inavimba na kubanduka kwenye chupi. Likizo iliyopita aliyebaki benchi alikuwa binti wa kaka yangu, anayesoma shule ya bweni Masaka. Jioni tulikuwa tunamenya matoke nyuma ya nyumba, akaniuliza bila kuinua macho: "Shangazi, ile ya kuingiza ndani, inaumiza?"

Baganda wana ssenga, shangazi anayemfunda msichana, wa maswali kama hayo. Mimi nimezaliwa kwenye kota za jeshi Jinja, tulikochanganyika makabila yote na Kiswahili kikawa lugha ya uani. Nilipovunja ungo mama alinipa vitambaa vilivyokunjwa vizuri, akaniambia nisicheze tena na wavulana, basi. Kwa hiyo binti yetu nilimjibu kwa kirefu, na niliyomwambia nawaandikia na nyinyi.

Haitakiwi kuumiza. Tamponi iliyokaa mahali pake haisikiki kabisa. Unakaa, unainama, unapanda boda, husikii kitu. Ukiisikia, haijakaa vizuri. Lakini kitu kisichosikika husahaulika, na tamponi iliyosahaulika ndiyo yenye hatari. Nusu ya somo langu ni namna ya kutoisikia, nusu ya pili ni namna ya kuikumbuka.

Tamponi ni pamba, au pamba iliyochanganywa na rayoni, iliyobanwa ikawa na umbo la kidole, na mwishoni ina uzi unaobaki nje. Uke una urefu wa kama sentimita 7 mpaka 10. Si shimo lililo wazi, kuta zake zinagusana, ndiyo maana tamponi inashikiliwa haidondoki. Kule mwisho kuna mlango wa kizazi, na tundu lake ni dogo mno, tamponi haiwezi kupita. Ile hofu kwamba itapanda mpaka tumboni, itue chini. Mkojo nao una tundu lake, mbele kidogo ya uke, kwa hiyo unakojoa nayo bila shida. Sogeza tu uzi pembeni usilowe.

Swali la pili lilichukua muda kutoka, na nililijua kabla hajalisema. Ubikira. Kizinda si kifuniko. Ni utando laini unaozunguka mlango wa uke, wenye nafasi katikati. Bila nafasi hiyo damu ya hedhi ingetokea wapi? Tamponi ndogo hupita kwenye nafasi hiyo. Inaweza kuutanua utando, na mara chache kuuchana kidogo, kama baiskeli au mazoezi ya viungo yanavyoweza kufanya. Lakini bikira ni mtu ambaye hajafanya mapenzi, na pamba haifanyi mapenzi na mtu. Hata hivyo, msichana ambaye moyo wake hautulii juu ya jambo hili, au ambaye nyumbani kwao litaleta maneno, asilazimishwe na yeyote, nami nikiwemo. Kuna pedi za dukani, kuna pedi za kufua za AFRIpads zinazoshonwa hapa hapa Uganda, kuna MakaPads alizobuni Dk. Moses Musaazi wa Makerere kwa mafunjo na karatasi chakavu. Zote ni halali yako. Tamponi ni chaguo moja, na kwa anayetaka kuogelea ni chaguo zuri sana.

Kwenye duka la mtaani utakuta pedi peke yake. Tamponi zitafute famasi au supamaketi kubwa. Kwenye boksi kuna matone yamechorwa: matone machache, inanyonya kidogo, mengi, inanyonya sana. Anza na ya matone machache kabisa. Wengi hufikiri kubwa ndiyo ya kuaminika, na hilo ni kosa, nitalirudia chini. Nyingine zinakuja na bomba la kusukumia, la karatasi ngumu au plastiki, nyingine hazina, unasukuma kwa kidole. Kwa mara ya kwanza napenda lile bomba la plastiki, kwa sababu linateleza. Ukipata isiyo na bomba pia ni sawa.

Usijaribu kabla hedhi haijaanza "kuona inavyokuwa". Uke mkavu hukwaruzika. Ngoja siku damu inatoka kwa wingi, mara nyingi ya pili, ili njia iwe na unyevu. Na chooni usiende, hasa choo cha shimo chenye giza, ambapo unashika mlango kwa mkono mmoja na pamba kwa mwingine. Fanyia chumbani, umefunga mlango, umetandika lesu kuukuu, umetenga nusu saa ambayo hakuna atakayekuita.

Nawa mikono kwa sabuni kabla hujafungua karatasi yake. Kama nyumbani hakuna bomba la maji, kile kijerikani cha kuning'iniza chenye kamba ya kukanyaga kinatosha. Kata kucha. Kama ni mara yako ya kwanza kabisa kujitazama, chukua kioo kidogo uone mlango ulipo. Si dhambi kuujua mwili wako. Kisha fungua tamponi, vuta uzi kidogo kuhakikisha umeshika imara. Ikianguka chini, hiyo imekwisha, chukua nyingine.

Sasa mkao. Sisi tumezoea kuchuchumaa tangu utotoni, na mkao huo unafaa sana: magoti mbali, mgongo umelegea. Au simama uweke mguu mmoja juu ya stuli. Au lala chali ukunje magoti. Mimi nimewaona wengi wakifanikiwa kwa kulala, kwa sababu mwili uliolala haujibani.

Tenganisha mashavu ya uke kwa vidole vya mkono mmoja, na kwa mkono wa pili weka ncha ya tamponi mlangoni. Hapa ndipo nilipokosea mimi nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Nilisukuma juu, wima, kana kwamba uke ni bomba lililosimama. Haukusimama. Umelala kwa mshazari kuelekea mgongoni. Lenga kiuno chako kwa nyuma, pale mkanda unapopita. Mimi nilisukuma juu nikagonga ukuta, nikaumia, nikasukuma zaidi, nikalia. Nilipobadilisha mwelekeo siku ya tatu, iliingia kwa pumzi moja.

Yenye bomba: shika katikati, pale palipo na mikunjo ya kushikia, ingiza bomba pana taratibu mpaka vidole vyako viguse mwili, halafu kwa kidole cha shahada sukuma lile bomba jembamba mpaka liishie ndani ya lile pana. Pamba imeingia. Vuta mabomba yote mawili nje, bomba halibaki ndani, uzi tu ndio unaning'inia. Isiyo na bomba: weka ncha ya kidole kwenye kitako cha pamba, penye uzi, usukume mpaka kidole kiingie karibu chote. Vuta pumzi ndani, na usukume wakati unaitoa.

Kosa la pili nililolifanya ni woga wa kuiingiza vya kutosha. Hisia nyingi ziko karibu na mlango, na hapo pia ndipo kuna msuli unaobana. Tamponi ikikwama hapo utaisikia kila hatua, kama kokoto kwenye kiatu. Ukiisukuma ikapita msuli huo, hisia inapotea. Kwa hiyo inuka, tembea chumbani, kaa kitandani, chuchumaa. Ukisikia kitu, isukume kidogo kwa kidole safi. Bado? Itoe, upumzike, ujaribu na mpya baadaye au kesho. Usipake Vaseline kulainisha.

Kama umejaribu miezi miwili mitatu na kila mara unagonga ukuta, au maumivu ni ya kuchoma kweli, muone mkunga au nesi. Wasichana wengine wana kizinda chenye nafasi ndogo sana au chenye uzi wa nyama katikati, na hilo linatibika. Si kosa lako.

Sasa kuikumbuka.

Badilisha kila baada ya saa 4 mpaka 8, na 8 ndiyo mwisho, hata kama haijajaa. Umeiweka saa mbili asubuhi, saa kumi jioni iwe imetoka. Binti yetu nilimwekea alamu kwenye simu yangu siku hiyo. Shuleni simu haziruhusiwi, nikamwambia aandike saa kwa kalamu ndani ya kiganja. Usiku, kwa miezi ya mwanzo, vaa pedi ulale. Usingizi hauna saa.

Sababu ya ukali wangu ni hii. Kuna bakteria waitwao Staphylococcus aureus, wengi wetu tunaishi nao puani na kwenye ngozi bila madhara. Aina fulani za hao bakteria, wakipata pamba iliyokaa muda mrefu, hutoa sumu inayoingia kwenye damu. Mwaka 1980 huko Marekani wanawake wengi waliugua na baadhi wakafa, na aina moja ya tamponi yenye kunyonya kupita kiasi iliondolewa sokoni Septemba ya mwaka huo. Ndiyo maana nasema chukua ndogo inayotosha. Ugonjwa wenyewe ni nadra sana, lakini unakwenda mbio: homa kali ya ghafla, kutapika au kuhara, misuli kuuma, kizunguzungu cha kuanguka, upele mwekundu kama ngozi iliyoungua jua, ambao kwenye ngozi nyeusi hauonekani upesi.

Na hapa Uganda tuna shida yetu. Homa ikipanda, nyumba nzima inasema malaria. Metroni anasema malaria, mwenye duka la dawa anakupa vidonge vya malaria, unarudi kulala. Ukiwa mwezini na umevaa tamponi, au umeitoa juzi, homa hiyo usiilalie. Itoe mara moja, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku, wakupime malaria ndiyo, lakini sema kwa sauti: "Nilikuwa nimevaa tamponi." Usiposema, hawatajua kuiwazia.

Kuitoa ni rahisi. Nawa, chuchumaa, legeza tumbo, vuta uzi kwa mshazari ule ule. Ikitoka kavu, inakwaruza, ina sehemu nyeupe, basi ilikuwa kubwa kuliko damu yako. Mara nyingine shika ndogo au rudi kwenye pedi. Ifunge kwenye karatasi uitupe kwenye pipa au kichomeo cha shule. Choo cha maji usitupe, kitaziba.

Uzi ukipotea usihangaike. Chuchumaa, sukuma kama unayejisaidia, ingiza vidole viwili uitafute. Haina pengine pa kwenda. Ikishindikana, nenda kliniki siku hiyo. Mimi nilikwenda, nikiwa na miaka ishirini na nne. Hedhi ilikuwa imekwisha, nikaisahau ya mwisho, siku ya tano nikaanza kusikia harufu nzito kama ya nyama iliyooza. Mhudumu wa kwanza alinisema mbele ya foleni, nikatoka. Bahati nikaingia kwingine, nesi akavuta pazia, akaitoa kwa muda mfupi kuliko niliotumia kujieleza. Ukisemwa, usiondoke kama nilivyoondoka. Na ujiwekee hesabu: mpya haiingii kabla ya kuukuu kutoka, na siku ya mwisho ya hedhi, hata kama unakumbuka umeitoa, pitisha kidole uhakikishe.

Usivae tamponi kwa sababu ya ute wa kawaida siku ambazo huna hedhi. Aliyejifungua au kutoka mimba atumie pedi mpaka mkunga amruhusu. Mwenye uchafu wa rangi au harufu ngeni aende apimwe kwanza. Wala haizuii mimba au virusi vya ukimwi.

Majini, bwawani au ziwani, ingiza mpya kabla ya kuogelea na uibadilishe ukitoka, maana uzi umelowa. Wanaoogelea Ziwa Victoria wajue kichocho hupita kwenye ngozi. Tamponi haikingi hilo.

Jumamosi moja ya mwezi uliofuata, akiwa tena mwezini, binti wa kaka yangu alifunga mlango wa chumba cha kubadilishia nguo kwa muda mrefu. Nilisimama nje na taulo lake. Alitoka amevaa nguo ya kuogelea, akatembea mpaka ukingoni, akarudi.

"Shangazi, sisikii kitu."

"Umeiweka saa ngapi?"

Akafungua kiganja. Saa tatu na dakika kumi, kwa wino wa buluu. Nikaandika na mimi kwenye kiganja changu, maana wino wake ulikuwa unakwenda majini.